Mtani Hatoki Kaburini

Msomaji wangu, kile kicheko ulichokiacha makaburini Jumapili iliyopita bado hakijaisha. Watu wanacheka mpaka wanashikana mabega. Majidi, Mzaramo wa watu, amelala chali ndani ya kaburi la dereva Anselm, amejitanda khanga ya kike, uso umepakwa unga, na amekwisha kutangaza kuwa hatoki.

"Mtani hatoki!" wakaitikia Wazaramo wenzake kule juu. "Hatoki bila kitu! Wanyamwezi toeni jogoo! Toeni hata kiatu cha marehemu!"

Na wewe usiyejua mambo ya huku usikunje uso. Tangu enzi za misafara, Mnyamwezi alipokuwa akishusha mizigo pwani na kulala kwa Mzaramo, hawa wawili ni watani. Mnyamwezi akifiwa, Mzaramo anakuja kuleta vurugu msibani. Atavaa koti la marehemu, atamwigiza anavyotembea, ataingia kaburini agome. Hakuna wa kumkasirikia. Ukimkasirikia mtani msibani, hata mama yako mzazi atakushangaa.

Ndiyo maana walicheka. Walicheka alipotokea nyuma ya jiko la msiba akipepesuka, wakasema anamwigiza Anselm akitoka kilabuni. Alipopiga magoti, akainuka, akaanguka tena, walipiga makofi. Alipotumbukia kaburini kwa kichwa, mama mmoja alicheka hadi akakaa chini kwenye udongo.

Asiyecheka alikuwa mmoja tu, Pelagia Mahona. Alisimama ukingoni kabisa, kando ya jeneza, na macho yake yalikuwa kwenye ile khanga. Khanga ilikuwa ya njano na nyeusi. Sasa ubavuni ilikuwa na wekundu, na wekundu ule ulikuwa unatembea.

"Mama Mkurugenzi," Majidi akaguna kutoka chini, "njoo unitoe wewe. Wewe mwenyewe."

"Loo! Anamtaka bosi!" watu wakaangua upya.

Pelagia akavua viatu, akaweka mkoba juu ya jeneza, akashuka kaburini.

Kwa aliyejiunga nasi leo: huyu Pelagia si mama wa kushukashuka makaburini. Ni Mkurugenzi Mtendaji wa Wakala wa Misitu ya Magharibi. Binti wa mkulima wa tumbaku wa Goweko, alianza kazi akiwa karani wa masijala, akapanda hadi afisa mipango, hadi meneja wa kanda, hadi kiti kikubwa chenyewe. Aliandika mpango mkakati uliofunga mashine za wezi wa mbao kutoka Tabora mpaka Nzega. Aliunda kikosi cha doria, akakipa magari, buti na bunduki. Dodoma wanamwita kufundisha wakubwa wenzake uongozi, na neno lake ni lilelile kila semina: kiongozi ni wa kuona mbali. Mbali kweli aliona. Mgongoni ndiko kulikomshinda.

Siku chache kabla ya mazishi haya gari lake lilimiminiwa risasi barabara ya Goweko. Yeye hakuwamo. Anselm alikuwamo, akafia kwenye usukani. Watu wakasema ni wezi wa mbao, na Pelagia akasema hivyo hivyo kwenye redio. Mjini kulikuwa na tetesi nyingine tamu zaidi, kwamba mama huyu anapelekwa Dodoma kuwa Naibu Katibu Mkuu, na kwamba kilichobaki ni kutangazwa tu.

Sasa yuko kaburini kwa magoti, mkono wake umeingia chini ya khanga, na umekutana na tundu. Lilikuwa tundu la kisu, chini ya mbavu, na lilikuwa la moto.

"Nani?" akanong'ona.

"Amon."

"Amon yupi?"

"Una Amon wangapi, Mama? Amon wako! Kamanda wa doria." Majidi alimeza mate, yakaja na damu. Yeye mwenyewe alikuwa msaidizi wa huyo Amon. "Magogo ya mninga yanatoka porini kwa magari yetu wenyewe. Anselm aliwaona, wakamuua. Mimi nimejua jana. Nilikuwa nabadili nguo nyuma ya jiko, akaja kunisalimia na kisu."

"Nyamaza, usitumie nguvu."

"Usinipe kwao, Mama. Nakuomba. Wakinipakia wao sifiki hospitali."

Hapo kivuli kikawaangukia. Mkono ukashuka kutoka juu, mkono wa kijana mwenye afya, kifungo cha shati la Wakala kimefungwa vizuri kwenye kifundo cha mkono.

"Mama, shika mkono nikupandishe," alisema Amon kwa upole. "Naona huyu kaumia kweli. Tuachieni sisi, gari la doria liko tayari, tumwahishe."

Pelagia aliutazama mkono ule. Ulikuwa umenawishwa, lakini umenawishwa haraka. Kwenye pembe za kucha kulikuwa na wekundu.

Hebu jiweke wewe pale, msomaji. Ungepiga kelele? Haya, piga. Vijana wa doria wamesimama kila upande na bunduki begani, hujui nani wa Amon na nani si wake. Watoto wamekaa juu ya kifusi cha udongo wanakula miwa. Katekista ameshika kitabu. Neno moja tu la "muuaji" na makaburi yale yasingetosha.

Pelagia akacheka.

Alicheka kwa sauti kubwa ambayo hakuna mtumishi wa Wakala aliyewahi kuisikia. "Wanyamwezi wenzangu! Mtani wetu ni tapeli! Kajipaka nyanya ya jikoni, anataka jogoo! Mmeona uongo wa Wazaramo?"

"Ooooh!" umati ukaitika.

"Basi kama kafa, wafiwa ni wao! Watani, mbebeni maiti yenu! Sikuzani yuko wapi? Sikuzani, njoo uchukue mzoga wako!"

Sikuzani alikuwa kiongozi wa watani wa Tabora mjini, muuza dagaa mwenye mwili wa kutosha na mdomo wa kuzidi. Siku hiyo alikuwa amevaa koti la suti la marehemu na kofia yake. Akaruka kaburini kwa kishindo, huku akimtukana Anselm na ukoo wake wote, kama desturi ilivyo. Akamshika Majidi kwapani. Mkono wake ukateleza.

Akautazama. Akamtazama Pelagia. Midomo ikaanza kumcheza.

"Cheka," Pelagia alimnong'oneza sikioni. "Cheka, Sikuzani. Ukilia tumekufa wote."

Mungu ampe yule mama maisha marefu! Majidi alikuwa mtoto wa dada yake, amemlea tangu ananyonya. Na bado aliinua kichwa, akafungua mdomo, akapasua kicheko kilichofika Kipalapala. "Jamani, Mzaramo kafa! Kafa kwa njaa kwenye msiba wa Mnyamwezi! Wamempikia ugali wa muhogo, roho imekataa!"

Machozi yalikuwa yanammwagika, na watu wakazidi kucheka kwa sababu ya machozi. Walisema Sikuzani leo kapania.

Watani wakamtoa Majidi kwa mikono, wakamlaza juu ya benchi la msiba, wakaliinua mabegani. Wakaanza kuondoka naye mbio mbio, huku wakiimba nyimbo za matusi ambazo gazeti hili haliwezi kuzichapa. Pelagia alifuata nyuma, pekupeku, akipiga makofi. Anselm wa watu akaachwa juani na jeneza lake.

Amon akawakatia njia. "Acheni mchezo! Huyu mtu ni mgonjwa, mshusheni!"

Baba mdogo wa Anselm akamsogelea mpaka kifua kikagusana na kifua. "Kijana, wewe si Mnyamwezi wewe? Watani wakibeba, wanaingiliwa? Unataka marehemu wetu alale na mkosi?"

"Baba, nasema ana—"

"Toka njiani!"

Umati ukaguna. Amon alikuwa na bunduki, lakini alikuwa amezaliwa huku. Akarudi hatua. Watani wakapita. Kumzuia mtani msibani ni jambo ambalo hata muuaji wa Kinyamwezi linamtia kigugumizi.

Wakafika kwenye Canter lililowaleta kutoka mjini. Mabruki, mume wa Sikuzani, alikuwa kwenye usukani, hajui hili wala lile, anakula embe. Wakalipandisha benchi nyuma na Majidi juu yake.

Ingeisha salama. Lakini bibi mmoja mfiwa, mwenye macho mabovu na pua nzima, aliinama njiani akagusa matone yaliyokuwa yakifuata benchi. Akayanusa.

"Jamani," alisema bibi, "hii si nyanya."

Kicheko kikakatika palepale. Na katika ule ukimya Amon alijua kwamba Pelagia anajua.

Risasi ya kwanza ilimpata kijana wa Kizaramo aliyekuwa bado ameshika miguu ya Majidi. Ilimwingia shingoni, akaanguka chini ya gari bila kusema neno. Makaburi yakalipuka kwa yowe. Watu wakakimbia wakikanyagana, benchi la wazee likapinduka, katekista akalala juu ya jeneza.

"Ondoa gari, Mabruki!" Sikuzani alipiga paa la Canter kwa ngumi. "Ondoa gari, mume wangu, wanatuua!"

Canter likaruka. Pelagia alining'inia kwenye bodi, magoti yakichunika, mpaka Sikuzani alipomvuta ndani kwa kola. Nyuma yao Land Cruiser la doria lilinguruma, Amon kwenye usukani, askari mmoja amesimama nyuma na bunduki. Vijana wengine wa kikosi walibaki makaburini wameduwaa. Kumbe si wote walikuwa wa Amon.

Barabara ilikuwa tope la masika. Canter liliyumba huku na huku, benchi likateleza, na wanawake wawili wakamlalia Majidi asirushwe nje. Sikuzani alivua lile koti la marehemu, akalikunja, akalikandamiza kwenye jeraha kwa uzito wake wote.

"Usife, mwanaharamu wewe," alisema akilia sasa waziwazi. "Nani atanibebea magunia yangu ya dagaa? Usife!"

Risasi ikapasua kioo cha mbele kutokea nyuma. Mabruki akapiga ukelele. Sikio lake la kushoto lilikuwa halipo, na damu ilikuwa inamtiririka mpaka kwenye mkono wa gia.

"Baba Tunu! Umekufa?" Sikuzani akauliza.

"Sikio tu!" Mabruki alijibu, akikanyaga mafuta. "Ninalo jingine!"

Sasa tazama hapa, msomaji, maana ndipo kila kitu kilipoharibika. Mtu aliyekaa serikalini maisha yake yote ana ugonjwa mmoja: jambo likiwa zito, analipeleka juu. Hapigi simu kwa jirani, hapigi kwa shangazi. Anapanda ngazi. Pelagia alitoa simu mfukoni mwa gauni, vidole vimejaa damu, akampigia mtu aliye juu yake, Mzee Vedasto, Mwenyekiti wa Bodi ya Wakala.

Na usimlaumu. Vedasto ndiye aliyemtoa masijala. Ndiye aliyemfundisha kuandika mpango, kuongoza kikao, kumnyamazisha mkorofi bila kupaza sauti. Asubuhi ya siku hiyo alikuwa amemtumia salamu za rambirambi.

"Mzee, tunapigwa risasi! Ni Amon! Ndiye aliyemuua Anselm!"

"Amon?" Sauti ya mzee ilishtuka kweli kweli. "Mungu wangu. Wewe uko wapi?"

"Njiani, tunakuja mjini. Nina Majidi, kachomwa kisu. Anajua yote, Mzee, ni shahidi. Hospitali watamzungusha na fomu ya polisi, atakufa mapokezi."

"Hatazungushwa. Natoka sasa hivi, nitampokea mwenyewe. Kamanda wa polisi nampigia mimi, wewe usimpigie mtu mwingine. Umenisikia, Pelagia? Mtu mwingine yeyote usimpigie, hujui nani ni nani."

"Sawa, Mzee. Asante, Mzee."

Akakata simu, na kwa mara ya kwanza siku ile kifua chake kikashuka. Majidi alikuwa amefumba macho. Alikuwa anapumua, lakini pumzi yenyewe ilikuwa ya kuokoteza.

Land Cruiser lilikuwa limewakaribia. Canter bovu la dagaa na gari la serikali wapi na wapi! Mbele kulikuwa na kona, na kwenye kona mabani, yale majumba ya kukaushia tumbaku kwa moto, yamejipanga kando ya barabara, yanafuka moshi, maana ulikuwa msimu wake.

Pelagia akapiga paa. "Mabruki, kwenye kona punguza!"

"Nipunguze?! Mama, akili zako zina nafasi leo?"

"Punguza nishuke! Ninyi msisimame mpaka hospitali, mkamkabidhi Mzee Vedasto mkononi."

Sikuzani akamshika mkono. "Watakuua."

"Miaka yote nimekula heshima ya kiti hiki," Pelagia alisema. "Leo nikilipie."

Akaruka. Alibiringika kwenye tope, akagonga bega kwenye jiwe, akasikia kitu kikikatika ndani. Akainuka hivyo hivyo. Akasimama katikati ya barabara, pekupeku, gauni jeusi la msiba limejaa matope na damu ya mtu mwingine, mkono mmoja umeinuliwa juu kama askari wa usalama barabarani.

Land Cruiser lilikuja moja kwa moja. Halikupunguza. Aliuona uso wa Amon nyuma ya kioo, na akajua kuwa kijana yule ambaye yeye mwenyewe alimtoa kwenye mizinga ya nyuki ya baba yake, akampa kazi, akampa cheo, sasa alikuwa anamkanyagia mafuta.

Dakika ya mwisho mikono ya Amon ilikataa. Huenda ni mazoea, huenda ni aibu, mwenyewe ndiye ajuaye. Alikata usukani. Tope likafanya mengine. Gari lilipita kando ya Pelagia likiwa ubavu, likaruka mtaro, likaingia kwenye ukuta wa bani la kwanza. Askari aliyesimama nyuma alitangulia mwenyewe. Alipiga ukuta kwa kichwa, akadondoka juu ya rundo la kuni, na shingo ilikuwa imegeukia kusikogeukia shingo ya mtu mzima.

Mama mmoja aliyekuwa akichochea moto wa bani alitupa kila kitu akakimbilia mahindini.

Mlango wa gari ukapigwa teke. Amon akatoka akichechemea, uso umechanika, bunduki mkononi. Alitazama barabarani. Canter lilikuwa limekwisha kupotea kwenye kona.

"Mama," alisema, akitema jino. "Kwa nini unafanya hivi?"

"Mimi ndiye ninayefanya?"

"Uteuzi wako uko mezani! Unaenda Dodoma! Ungemwacha yule Mzaramo afe msibani kwake, ungepanda cheo, kila mtu angekula chake. Nani alikutuma uingie kaburini?"

"Anselm alikuwa akikuchukulia mwanao shuleni kila siku, Amon."

"Usinitajie Anselm!"

"Alimbeba mwanao mgongoni mvua ikinyesha. Ukampiga risasi ya uso."

"Nilitumwa!" Amon akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka. "Unadhani mimi ni wa kuamua vitu hivyo? Ninyi wakubwa mnaamua, sisi tunafua nguo!"

"Mkubwa gani?"

Amon akacheka, damu ikimtoka puani. Aliinua bunduki.

Pelagia hakuwa akimsikiliza tu. Alikuwa akirudi nyuma pole pole, na kisigino chake kilikwisha kuusikia moto. Watoto wa Goweko wanalelewa kwenye mabani. Kabla hajajua kushika kalamu, alijua mdomo wa tanuru la bani uko wapi, gogo linawekwaje, na upande upi wa gogo haujashika moto. Alijitupa chini. Risasi ikachimba ukuta juu yake. Aliingiza mikono yote miwili kwenye mdomo wa tanuru, akashika gogo kwa mkia wake, akageuka nalo linawaka.

Alimpiga nalo usoni.

Sitakueleza ule ukelele. Amon aliachia bunduki, akajishika macho. Pelagia akampiga tena, begani, shati la Wakala likashika moto. Akampiga mara ya tatu kwenye goti, na goti likalia. Bega lake mwenyewe lilikuwa limevunjika, ngozi ya viganja inabaki kwenye gogo, na alikuwa akilia kwa sauti huku akipiga, akitaja jina la Anselm kila pigo. Aliacha pale tu Amon alipoanza kusema, "Mama, basi. Mama, basi, nisamehe," kwa sauti ya mtoto.

Akatupa gogo. Akachota ndoo ya maji iliyokuwa kando ya bani, akamwagia moto ule uzime, maana hakutaka kuua. Kisha akaokota bunduki, na kwa mkono mmoja na meno akamfunga Amon mikono kwa kamba za kufungia tumbaku.

Akakaa chini, mgongo ukutani. Land Cruiser lilikuwa limekufa, mvuke unatoka. Simu yake ilikuwa imepasuka aliporuka. Lakini alikuwa hai, Amon amekamatika, na zaidi ya yote Majidi alikuwa amekwisha kufika mjini. Kule hakukuwa mbali. Sasa hivi atakuwa kitandani, madaktari wamemzunguka, na mzee amesimama mlangoni akiwaharakisha. Pelagia alifumba macho akamshukuru Mungu, na alimshukuru kwa dhati.

Yule mama wa bani alirudi kutoka mahindini, akatazama maiti, akamtazama mfungwa, akamtazama mwanamke mwenye bunduki. Alichukua kata ya maji akamnywesha.

Hapo ndipo kiuno cha Amon kilipoongea.

Ilikuwa redio ya doria. Zile redio Pelagia ndiye aliyezigawa, kwa mkono wake, siku kikosi kinazinduliwa. Kila askari alipata moja. Na moja, kwa heshima, alikabidhiwa mgeni rasmi.

"Amon," redio ilisema. "Amon, nipate."

Kata ikamtoka Pelagia mdomoni.

"Amon, mzigo umenifikia," sauti iliendelea, taratibu, ile ile sauti ya vikao vya bodi. "Nimeupokea mwenyewe hapa hospitali. Yule mama wa dagaa kanishukuru hadi kapiga magoti. Nimemwambia akapumzike na mumewe, mgonjwa nabaki naye mimi. Huku kumekwisha. Mama je? Umemmaliza?"

Amon, macho yamevimba hayafunguki, aligeuza uso upande wa sauti.

Pelagia alichomoa redio kiunoni mwake. Kiganja hakikuwa na ngozi, na kile kitufe kilimchoma alipokibonyeza.

"Bado, Mzee," alisema. "Shikamoo."

Redio ikakoroma. Mama wa bani alikuwa ameshika mdomo wake kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu," Mzee Vedasto akajibu hatimaye, na hakuonekana kuwa na haraka. "Hongera, uteuzi umetangazwa mchana huu, nimesikia kwenye redio nikija. Majidi bado anapumua. Mpira wa oksijeni yake niko nao mkononi. Sasa niambie mwenyewe, Pelagia, maana nisingependa kukuamulia: utanyamaza nimpongeze Naibu Katibu Mkuu, au niikate hewa ya shahidi?"